Uzi: Bibi wa Kijamaika aliyesali kwa Kiingereza na kugombeza kwa Kipatwa

Binti Machame

Habari za jioni wakuu. Leo sina zamu, nje mvua, chai ipo. Acha niushushe huu uzi niliouahirisha tangu mwaka juzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya.

Mimi ni muuguzi, nipo Birmingham. Nilipofika nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kijamaika, mjane aliyekuwa anakaribia miaka themanini. Nilisema nitakaa miezi mitatu nikijitafuta. Nikakaa miaka sita, nikaja kuhama baada ya kumpeleka kwao kumzika.

Bibi aliingia Uingereza mwaka 1961, mwaka mmoja kabla wahamiaji hawajabanwa kwa sheria na kabla kisiwa chao hakijapata uhuru, Agosti 6, 1962. Kazi aliyopata ni kufua mashuka ya hospitali. Jumapili ya kwanza alivaa kofia na glavu, akaenda kusali kanisa la dhehebu lile lile alilobatiziwa kwao. Ibada ilipoisha mchungaji akamshika mkono mlangoni, akamshukuru kwa kuja, akamwomba kwa upole kabisa asirudi tena, maana waumini wengine hawatajisikia vizuri. Hii habari alinisimulia mara nyingi sana, na kila mara alimalizia kwa kicheko. Kicheko chenyewe mimi sikukipenda. Baadaye nikajua kwao kuna msemo: *tek kin tiit kiba haat bon*. Kenua meno ufunike moyo unaoungua.

Basi wakawa wanasali sebuleni kwa mtu, watu saba, wanane, mpaka wakapata ukumbi, na ukumbi ukaja kuwa kanisa. Mimi nimelikuta tayari ni kanisa lenye kwaya na mabasi.

Sebule yake ya mbele haikukaliwa na mtu. Ilikuwa ya mchungaji, ya daktari na ya msiba. Samaki wa vioo kabatini, radiogramu isiyofanya kazi, picha ya Yesu ukutani, na vitambaa vya kufuma kwa mkono alivyokausha kwa wanga mpaka kingo zinasimama kama ua. Siku ya kwanza nilipoviona nusura nilie. Mama yangu Machame naye haruhusu mtu akalie kochi lisilo na kitambaa.

Sasa jambo lililonileta. Bibi alikuwa na lugha mbili na hakuzichanganya. Kusali ni Kiingereza, tena kile cha zamani cha Biblia ya King James. Kupika, kugombeza wajukuu, kuongea na dada yake kwa simu, kucheka, ni Kipatwa (patois), lugha ya watu wa kwao. Nikamuuliza siku moja kwa nini Mungu hamsemeshi kama anavyomsemesha dada yake. Akaniangalia kama nimetukana. "Kwa Mungu unakwenda umevaa," akasema. Kipatwa kwake ni nguo ya jikoni.

Naendelea.

Kijana wa Tandika

Nimeshatandika mkeka. Ila mkuu, Jamaika tunayoijua sisi ni rasta, ragga na moshi. Haya makofia na makanisa yametoka wapi?

Binti Machame

Dada siyo mkuu, ila sawa 😄

Marasta wapo, lakini sensa yao ya 2011 iliwakuta kama mtu 1 katika kila 100. Wasabato peke yao walikuwa kama asilimia 12, na makanisa yenye jina la Church of God, kwa aina zake zote, zaidi ya robo ya nchi. Ukipita kijijini Jumapili asubuhi unaona vitoto vimepakwa mafuta vinang'aa, soksi nyeupe, vinaburutwa. Mandhari ya Moshi kabisa.

Kuhusu Marasta, Bibi hakuwachukia. Alisema ni watoto waliokimbia kanisa wakatoka na Biblia mkononi. Mwaka 1966 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye Marasta wanamwita Mungu, alipotua Kingston yeye alikuwa Uingereza, ila mdogo wake alikwenda uwanja wa ndege akapoteza kiatu kwenye ule umati. Familia nzima ya Kibaptisti, na mtu kapoteza kiatu kwa ajili ya Ras Tafari. Walimtania hadi uzee.

Shangazi wa Pangani

Mwanangu, tuambie walikula nini. Habari za dini wengine tutazisoma kwa heshima, lakini chungu hakina dhehebu.

Binti Machame

Shangazi, shikamoo. Umenigusa penyewe.

Jumapili ni wali wa maharage kwa tui la nazi. Maharage mekundu yanalowekwa Jumamosi usiku. Asubuhi kabla ya kanisa yanachemshwa na kitunguu saumu mpaka yaive, linaingia tui, majani ya kitunguu, na tawi la majani wanayoyaita taim. Halafu mchele. Juu kabisa inakaa pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake. Haikatwi. Haitobolewi. Inatoa harufu tu. Kazi yangu mimi kwa miaka sita ilikuwa kuilinda hiyo pilipili isipasuke, maana Bibi alikuwa anasimama nyuma yangu na mwiko akihesabu ninavyogeuza. Iliwahi kupasuka mara moja, mchungaji akiwa mgeni wetu. Mtumishi wa Mungu alikula huku machozi yanamtoka akisema ni kitamu.

Krismasi wanabadilisha maharage wanaweka mbaazi, wenyewe wanaziita *gungo*. Na kinywaji cha Krismasi ni choya. Hii hii choya yetu, nyekundu, inalowekwa na tangawizi nyingi. Wanaotaka wanatia ramu, na Bibi alikuwa "hanywi", ila chupa yake ya choya ilikuwa pekee kwenye kona ya friji na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Na shelisheli! Wanalichoma juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi tii, linabanduliwa, linakatwa vipande. Lililetwa kule na nahodha Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti, ili watumwa walishwe kwa bei rahisi. Leo mtu wa Clarendon, kwao Bibi, ukimwambia shelisheli si la kwao atakupiga nalo.

Shangazi wa Pangani

Marahaba. Wali wa nazi, mbaazi, shelisheli, choya. Sasa hao si watu wa Pangani waliopotea njia? Hadithi je, wanazo?

Binti Machame

Wanazo za buibui Anansi, mjanja kama sungura wetu, asili yake Waakan wa Ghana. Msimulizi akimaliza anasema: *Jak Manduora, mi no chuuz non*. Maana yake hii hadithi sikuichagua mimi, msinilaumu.

Shangazi wa Pangani

Ndiyo tofauti yetu. Bibi zetu walimalizia: hadithi yangu imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Wao wanakana, sisi tunabeba. Ingawa mtu aliyeishi chini ya mjeledi, nadhani kukana alijifunza mapema.

Kasichana ka Scarborough

Sasa watu wangu. Mimi ni Mkenya niko Toronto, na huku Wajamaika wamejaa, nusu ya wenzangu kazini ni wao. Hii story ya "nguo ya jikoni" imenirudisha shule ya msingi. Sisi tulikuwa tunavalishwa diski, kipande cha mbao kinaning'inia shingoni, ukishikwa ukiongea lugha ya mama. Ukienda nayo nyumbani, asubuhi ni viboko. Mwenzangu mmoja wa Kijamaika nilipomwambia akasema kwao hakukuwa na mbao, lakini nyanyake alikuwa anamchapa mdomo kwa kusema vibaya. "Vibaya" ndiyo hiyo Kipatwa, na nyanya mwenyewe alikuwa anamgombeza kwa Kipatwa hicho hicho!

Huku ndiko alikoishi Louise Bennett miaka yake ya mwisho, wao wanamwita Miss Lou. Alipanda jukwaani na Kipatwa wakati watu wenye shule walikuwa wanakionea haya, akaandika mashairi nacho, akafanya kipindi cha watoto cha televisheni. Wale waliotaka Kipatwa kife alikuwa akiwauliza kwa nini wasianze na lahaja za Waingereza wenyewe. Alifariki hapa 2006, wakamrudisha Kingston wakamzika kwenye bustani ya mashujaa wa taifa. Watu wale wale waliokuwa wanamcheka.

Halafu neno nililolipenda: *unu*. Ni "ninyi". Kiingereza hakina, wao wanalo, watu wa lugha wanasema ni la Kiigbo.

Kijana wa Tandika

Na *nyam* ni kula, si ndiyo? Hiyo ni nyama yetu hiyo, tusidanganyane.

Msomaji wa Usiku

Pole pole kijana. *Nyam* wanaisimu wanaifuatilia hadi Afrika Magharibi, Kiwolofu na Kifulani, ambako kuna neno la kula linalofanana nalo. Kufanana na nyama yetu ni kufanana tu. Tusimdai kila mtu ndugu kwa sababu ya silabi moja.

Mwana wa Katanga

Jambo bandugu. Msomaji ana haki kwa *nyam*, lakini kuna pahali udugu ni wa kweli. Kule mashariki ya Jamaika, parokia (yaani wilaya) ya St Thomas, kuna ngoma na ibada inaitwa Kumina. Wenyewe ni wazao wa Wakongo walioletwa kufanya kazi kati ya karne ya 19, utumwa umekwisha kuisha, wengi walitolewa kwenye meli za watumwa zilizokamatwa na Waingereza. Mungu wanamwita Zambi. Sisi Kongo tunajua: Nzambi kwa Kikongo, Nzambe kwa Kilingala. Nilisikia kanda yao kwa redio, mimi wa Lubumbashi, nikasimama katikati ya barabara.

Binti Machame

Asante ndugu wa Katanga, hilo nilikuwa sijui. Bibi alikuwa Mbaptisti aliyehamia Pentekoste, Kumina alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini na kuangalia mlangoni.

Turudi kwenye lugha. Mifano michache nisije nikasahau.

Ukimsalimia mtu, anajibu *mi de ya*. Neno kwa neno: nipo hapa. Yaani "nipo" yetu. Siyo mzima, siyo salama, nipo. Kuagana ni *likl muor*, baadaye kidogo, au *waak gud*, tembea vizuri. Na *suun kom* ni ile "nipo njiani" ya Dar, mtu bado hajaoga.

*Wan wan koko ful baaskit*. Koko hapo siyo kakao, ni kiazi jamii ya magimbi. Moja moja, kikapu kinajaa. Haba na haba, hamna tofauti. *If yu kyaan ier, yu mos fiil*, usiposikia utahisi, ndiyo asiyesikia la mkuu. *Kak mout kil kak*, mdomo wa jogoo umemuua jogoo. Hii Bibi aliniambia siku nilipojibu kwa jeuri kazini nikapunguziwa zamu.

Lakini lililoniuma ni la mguu. Siku moja aliteleza bafuni, tukampeleka hospitali, hospitali yenyewe siitaji. Daktari kijana anamuuliza unaumwa wapi. *Mi fut a hat mi*. Kwa Kiingereza cha daktari *fut* ni chini ya kifundo. Wakapiga picha ya wayo na kifundo, hakuna kitu, wakamwandikia vidonge arudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimetoka kumletea maji. Nikamwangalia alivyokaa, kajipinda upande. Kwa Kipatwa *fut* ni mguu, kama mguu wetu sisi, kuanzia nyongani hadi ukucha. *Han* nayo ni mkono wote. Nikamuuliza, Bibi, mguu wapi? Akaweka kiganja kwenye nyonga. Nyonga ilikuwa na ufa.

Miaka hamsini katika nchi ile, na bado neno "mguu" lilikuwa linafika kwa daktari limekatwa nusu.

Kasichana ka Scarborough

Woi. Hiyo imenishika.

Kijana wa Tandika

Dada pole. Nimeacha utani.

Msomaji wa Usiku

Naomba nitie la historia, maana watu wanadhani Ukristo wa kule uliletwa na wazungu na kupokelewa kwa magoti. Mhubiri wa kwanza wa Kibaptisti Jamaika ni George Liele, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Marekani, akafika Kingston mwaka 1783. Miaka kumi kabla William Carey hajaenda India, huyo Carey ambaye vitabu vingi vinamwita baba wa umisheni.

Kisha kuna Samuel Sharpe, shemasi, mtumwa anayejua kusoma. Krismasi ya 1831 alipanga mgomo: sikukuu ikiisha, hakuna kurudi shambani bila mshahara. Aya yake ilikuwa Mathayo 6:24, hakuna mtu awezaye kutumikia mabwana wawili. Desemba 27 mashamba ya miwa St James yakaanza kuwaka na mgomo ukageuka vita. Baadaye zaidi ya watu 300 waliuawa kwa hukumu za mahakama, na Sharpe akanyongwa Montego Bay, Mei 23, 1832. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Leo sura yake iko kwenye noti ya kwao.

Uhuru kamili wa watumwa ulikuja Agosti 1, 1838. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mjini Falmouth, waumini wa mmisionari William Knibb walikesha kanisani, na minyororo, mjeledi na pingu ya shingoni vikatiwa ndani ya jeneza vikazikwa. Na mwaka 1865 aliyeongoza watu kuandamana Morant Bay, Paul Bogle, naye alikuwa shemasi. Nchi ina mashujaa saba wa taifa, wawili ni mashemasi.

Mzee wa Kinondoni

Nyongeza fupi. Vijana hamkumbuki, Mwalimu alikwenda Jamaika 1974, yeye na Michael Manley, waziri mkuu wao, walikuwa damu moja. Na Walter Rodney, mwanahistoria Mguyana, alipozuiwa kurudi Jamaika Oktoba 1968 na wanafunzi wa Kingston wakaingia barabarani, ni Dar es Salaam alikokuja kufundisha tena. Nilimwona Mlimani, sauti ndogo, maneno makubwa.

Binti Machame

Shikamoo mzee. Na Msomaji, hiyo aya ya mabwana wawili, ngoja. Bibi akizidiwa alikuwa anasema *Du, Maasa Gad*. *Du* ni tafadhali. *Maasa* ni lile neno watumwa walilomwitia mwenye shamba. Nilimuuliza kama halimsumbui kumwita Mungu hivyo. Akasema alijua *Maasa* ni Mungu miaka mingi kabla ya kuambiwa lilikuwa pia jina la mtu.

Nami nikanyamaza, maana sisi tunasali "Bwana" kila siku, na pwani hiyo hiyo mtumwa alimwitaje aliyemnunua?

Shangazi wa Pangani

Bwana. Tena hapa hapa Pangani.

Mtumishi Asiyechoka

Bwana asifiwe. Nimesoma kwa utulivu, dada unaandika vizuri, lakini naona unatuzungusha. Wajamaika hao hao si ndio wenye *obia* na mizimu? Mtu hawezi kuwa Mkristo Jumapili na Jumatatu anaogopa mzimu. Sema ukweli wote.

Binti Machame

Amina mtumishi. Ukweli wote huu hapa.

*Obia* ni uganga wa kule, na umepigwa marufuku kwa sheria ya 1898 ambayo haijafutwa. Mzimu wanauita *dopi*. Bibi alikuwa hapigi mluzi usiku. Na Ijumaa Kuu, kabla jua halijatoka, kwao watoto walivunja yai, ute mweupe wakautia kwenye glasi ya maji, wakaiacha juani. Ute unapanda unafanya umbo. Jeneza, utakufa. Kanisa, utaolewa. Meli au ndege, utasafiri. Yeye akiwa na miaka kumi na miwili aliona meli. Na mti wa mbono, huu huu mbono kaburi wetu, wanasema ukiukata mchana wa Ijumaa Kuu unatoa damu.

Nilimuuliza kama anaamini. Alisema hapana, ni upuuzi wa watu wa zamani. Kisha akakaa kimya kidogo akasema, lakini ilikuwa meli, ilikuwa na mabomba mawili.

Mtumishi, kwenu hakuna anayeamka usiku wa msiba akageuza kioo?

Mtumishi Asiyechoka

Nimekuelewa. Kwetu wapo. Hata wazee wa kanisa.

Kijana wa Tandika

Dada, malizia basi. Kesho napanda mwendokasi saa kumi na moja asubuhi.

Binti Machame

Haya. Mwisho, na ndio sababu ya uzi.

Mwaka 2012 Chama cha Biblia cha West Indies kilitoa Agano Jipya lote kwa Kipatwa, lililotafsiriwa toka Kigiriki. Luka ilikuwa imetangulia 2010. Kelele zilikuwa nyingi: wengine walisema Neno limeshushwa hadhi, wengine fedha zimetupwa, wengine walilia kwa furaha. Kwetu nalo lililetwa zawadi na mama mmoja wa kanisani. Bibi alivaa miwani, akafungua, akasoma kwa shida mstari mmoja, akafunga. "Hii si Biblia, ni makosa ya herufi." Akaliweka chini ya kitabu cha simu.

Shida ilikuwa mwandiko. Hawakuandika kwa kuiga Kiingereza. Walitumia mwandiko aliobuni Frederic Cassidy, mwanaisimu mzaliwa wa Jamaika, ukanyooshwa na kitengo cha lugha ya Kijamaika cha chuo kikuu pale Mona, Kingston. Kila sauti ina herufi yake, kila herufi inasomeka. Mjamaika aliyefundishwa kusoma kwa Kiingereza unamchanganya kabisa.

Sasa nani mwingine anasoma hivyo? A, e, i, o, u, kama zilivyo?

Jioni moja Bibi yuko jikoni anakoroga uji wa mahindi. Mimi nikalichomoa lile Agano chini ya kitabu cha simu, nikafungua Mathayo 6, nikaanza kusoma kwa sauti kama ninavyosoma Kiswahili, maana yake sijui hata robo:

*Wi Faada we iina evn, mek piipl av nof rispek fi yu an yu niem.*

Mwiko ukasimama. Akageuka. "Nani kakufundisha?" Nikasema hakuna, nasoma kilichoandikwa. "Rudia." Nikarudia. Watu wakupe heshima tele, wewe na jina lako. Akacheka, tena kicheko chenyewe, kile cha simu na dada yake, siyo kile cha mchungaji wa 1961. Akasema nimetamka *evn* vibaya, na kwamba aliyetafsiri ni mtu wa Kingston, Clarendon hawasemi hivyo. Uji ukaungua.

Kuanzia hapo kila usiku baada ya kula ananiambia *riid fi mi*. Nasoma nisichokielewa, yeye anaelewa asichoweza kusoma. Akifika pazuri ananisimamisha ananieleza, mimi namwambia Kiswahili kinasemaje. Tulimaliza Mathayo kwa miezi minne. Masharti yake yalikuwa moja: kanisani wasijue. Sijawahi kumsemea mpaka leo.

Wiki zake mbili za mwisho alikuwa hospitali tofauti na ile ya kwanza. Mchungaji akija, anasali kwa Kiingereza, safi, hakosei neno. Mchungaji akitoka, usiku, ni *Du, Maasa Jiizas*, na mengine ambayo nayaacha kwake.

Alitaka kuzikwa kwao. Tukapanda ndege, watoto wake wawili, mjukuu mmoja na mimi, tukafika Kingston, tukapanda milima ya Clarendon. Wakuu, nilishuka kwenye gari nikakuta migomba, kahawa, nyumba, na makaburi ya saruji pembeni ya nyumba. Ardhi ni ya ukoo, haiuzwi, kila mjukuu popote alipo ana haki ya kurudi. Nikamwambia mjukuu wake, kwetu hii inaitwa kihamba. Akalirudia neno mara tatu.

Kesha lao linaitwa usiku wa tisa, ingawa siku hizi hawahesabu, wanafanya usiku wa kuamkia maziko. Samaki wa kukaanga na mkate mzito, supu ya kichwa na utumbo wa mbuzi, ramu nyeupe, wazee wanagonga domino mezani kama wanapigilia misumari. Mpwa wake, shemasi, nilimwona kwa macho yangu akiingia chumbani alikozaliwa Bibi na kugeuza kitanda, kichwa kikae upande wa miguu, ili marehemu akirudi asikitambue chumba. Akatoka, akafuta mikono, akafungua Biblia. Mtumishi, nilikukumbuka kabla sijakujua.

Nyimbo za kesha wanaziita *Sanki*, kwa jina la Ira Sankey aliyekusanya tenzi. Hakuna vitabu. Mmoja anatamka mstari haraka haraka, wote wanauimba pole pole, anatamka unaofuata. Wazee wao walianza hivyo kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Mstari wa kwanza sikuushika. Tuni ilipoingia nikaijua, ni ya Tenzi za Rohoni, "Yesu kwetu ni rafiki". Nikaimba Kiswahili changu kwa sauti, na yule mzee anayetamka akawa ananiangalia mimi kila akimaliza mstari, anasubiri nimalize wa kwangu ndipo aendelee.

Shangazi wa Pangani

Mungu amrehemu bibi yenu.

Kijana wa Tandika

Mwendokasi nimeshaichelewa, sawa tu. Hilo Agano liko wapi sasa?

Binti Machame

Ninalo mimi. Mjukuu wake alilitaka, nikampa, baada ya mwezi akalirudisha, anasema hawezi kulisoma. Jumapili jioni ananipigia simu nimsomee. Tumefika Marko 5, nguruwe elfu mbili wako ukingoni hawajaruka bado, na simu ndiyo hiyo inaita. *Likl muor*.